Gisi ya kucheza Deadline bila kukamata mutu hivi hivi

Wikendi tulikuwa Himbi kwa ndugu yangu, umeme ukakatika, tukabakia na laptop moja ya bateri nusu, njo nikawaonyesha Deadline. Ni gemu ya zamani, 1982, Marc Blank wa kampuni ya gemu Infocom njo aliiandika. Haina hata picha moja, unasoma, unaandika amri kwa Kiingereza, inakujibu, basi. Kwa sisi wa Goma ni raha juu faili yake haifike hata 128 KB, unaitumia mwenzako kwa WhatsApp hata siku megabaiti zinakuishia. Kuifungua unatumia programu inaitwa Frotz.

Stori ni hii: tajiri Marshall Robner amekutwa amekufa mu biblioteke yake, mlango umefungwa kwa ndani, dawa nyingi mwilini, kila mutu anasema amejiua. Wewe ni inspekta, uko na masaa 12 tu. Saa ya gemu ni ya kizungu, 8:00 ni saa mbili ya asubui, usichanganye kama mie nilivyochanganya.

Mbele ya yote soma karatasi. Zamani boksi ilikuja na mahojiano ya polisi, ripoti ya daktari, hata vidonge vya mchezo, juu diski haikuwa na nafasi ya kubeba yote. Tafuta skani zake. Kuingia bila hizo ni kushuka mlima na chukudu, ile trotineti ya mbao, bila breki.

Sasa kitu watu wengi hawaelewi: saa inatembea tu kama umeandika. Unaweza kwenda kukaanga samaki sambaza, urudi, hakuna mutu amesogea. Lakini kila amri inakula dakika, na wakati unakagua zulia watu wa nyumba wanatembea, wanapiga simu, wanafichana vitu, na kama haukuwa pale umekosa. Kwa hiyo mara ya kwanza usijaribu kushinda. Chagua mutu mumoja, mufuate kutwa nzima, andika mu kaye saa na chumba. Kisha RESTART, unaanza upya, fuata mwingine. Nilijaza kurasa nne na ndugu yangu akaniuliza kama ninaandika horeri ya basi. Ukishajua nani anapita wapi, unamungojea kwa WAIT. Na SAVE mara mingi, bateri haina huruma.

Kuuliza nako kuko na akili yake. Mbuzi akipotea mu parseli, unauliza jirani "weye ni mwizi?" Hapana, unamuuliza alipita hapa saa ngapi, alisikia nini, mlango ulikuwa wazi? Humu ni vile vile: ASK, jina la mutu, ABOUT, jina la kitu ama la mutu mwingine. Ukipata karatasi, SHOW kwa kila mumoja, mwenye atabadilisha sauti njo huyo ufuate.

Kitu chenye haukielewi, muite Sergeant Duffy, polisi mwenye anakusaidia mu gemu: FINGERPRINT kwa alama za vidole, ANALYZE akipeleke labo. Atachelewa, endelea na kazi ingine. Kama Kiingereza kinakushinda kuandika, gemu inasoma herufi 6 za kwanza za kila neno, FINGER inatosha.

ACCUSE na ARREST si kitu kimoja. Ya kwanza ni kumutisha tu umuone uso. Ya pili inamaliza gemu, na kama hauna sababu ya kuua, njia, na nafasi aliyopata, wanamuachilia na unaambiwa vile kesi iliisha. Mie nilimufunga mutu saa tano ya asubui juu tu alinijibu vibaya. Ndugu yangu bado ananicheka, na yeye mwenyewe hajamaliza gemu hata mara moja.