Matembezi ya Shela wakati wa korona: nenda maji yakipwa

Ukitaka kunyoosha miguu hapa Lamu, epuka vichochoro vya mjini; punda mwenye shehena akipita, ile mita moja na nusu ya kuachana na mtu kwa ajili ya korona huipati hata ujibanze ukutani. Fuata pwani mpaka kijiji cha Shela, uendelee na ufuo mrefu chini ya machuguu ya mchanga. Muhimu ni saa. Waulize manahodha maji yanakupwa lini: hapo mchanga huwa mpana na mgumu, mnapishana kwa mbali. Yakijaa, mnabanana wote juu. Barakoa iwe mfukoni, uivae kabla mtu hajakufikia. Salamu, mkono kifuani inatosha, hata kwa wazee. Kila mtu na chupa yake ya maji, tafadhalini, watoto pia.