Kabla hujamsogelea mdudu na kamera

Picha zangu za kwanza za kereng'ende zilitoka na mabawa makali, miguu mikali, na jicho lililofifia kama limevutwa nyuma ya pazia. Nilipiga karibu sitini, zote hivyo hivyo. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilipendeza. Nilipozifungua kwenye kompyuta ndipo nikaona kwamba nimelikosa jicho kwa unene wa ukucha tu.

Huo unene wa ukucha ndio utakaokusumbua kuliko kitu kingine chochote katika picha za karibu. Lenzi ya makro hasa, ile iliyotengenezwa kwa picha za karibu, hufikia uwiano wa 1:1, maana yake kitu chenye upana wa milimita 36 kinajaa kwenye kihisi (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) chenye upana wa milimita 36. Ukiwa umesogea kiasi hicho, na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba ikipanda, tundu linabanwa), sehemu itakayotoka kali ina kina cha takriban milimita moja. Ukibana hadi f/16 utapata kama mbili. Ukizidi kubana, mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika na picha nzima inapoteza ukali, kwa hiyo unapata kina lakini hupati wembe. Mimi hubaki kati ya f/8 na f/11, nikikubali kwamba mguu wa nyuma utafifia. Jicho ndilo halisamehewi.

Sasa fikiria: upepo mdogo unaotikisa ua, pumzi yako, magoti yanayotetemeka kwa kuchuchumaa, vyote vinaizidi hiyo milimita. Karibu kila ninachokiandaa kabla ya kutoka ni kwa ajili ya kuilinda.

Anza na vifaa ulivyonavyo, na uvijue nyumbani. Chukua rula, ilaze mezani, sogeza lenzi hadi mahali pa karibu kabisa inapoweza kuona vizuri, kisha piga. Hesabu milimita zilizoingia kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Zikiwa 36, au kama 24 kwa kamera yenye kihisi kidogo, umefika 1:1. Zikiwa mia na zaidi, basi kifaa chako ni cha vipepeo na maua, si cha vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya mimea, na si vibaya kulijua hilo mapema. Halafu iinamishe rula ielekee kwako na upige tena. Utaona vistari vichache tu vimesimama wima na vingine vyote vimeyeyuka. Jaribio hili lilinifundisha zaidi ya maelezo yote niliyowahi kusoma.

Kama huna lenzi ya makro, pete za kurefushia lenzi zinafanya kazi nzuri. Pete zenye jumla ya milimita 50 nyuma ya lenzi ya milimita 50 zinakupeleka kwenye 1:1. Tatizo lake ni ukaribu: mdomo wa lenzi unabaki sentimita chache kutoka kwa mdudu, kivuli chako kinamfunika, naye anaondoka. Lenzi ya makro ya milimita 100 inakuachia sentimita kumi na kitu za kupumulia, na hiyo ndiyo sababu yenye maana ya kuitamani. Simu nayo ina nafasi yake. Nyingi za sasa zinakaribia sana, ila huchagua zenyewe mahali pa kulenga, kwa hiyo jifunze kufunga fokasi kabla hujaenda kuinama kwenye majani.

Mwanga ndipo wengi tunapokwamia. Kadiri unavyosogea ndivyo lenzi inavyokula mwanga. Kwenye 1:1, lenzi nyingi hufikishia kihisi kama robo tu ya mwanga ambao kingeupata ukipiga kitu cha mbali. Umeshabana tundu, unataka na shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya kasi, basi hata jua la saa nne asubuhi linaweza lisitoshe. Hapo flashi inakuwa rafiki, kwa sababu ukiishusha nguvu hadi sehemu ya kumi na sita, mmweko wake ni mfupi kiasi kwamba hata mkono unaotetemeka haumo kwenye picha. Naanza na shata ya sekunde 1/200, f/11, ISO 200 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), halafu narekebisha nguvu ya flashi peke yake.

Lakini flashi tupu kwa mbawakawa ni balaa. Mgongo wake ni kioo, na utapata doa jeupe katikati ambalo hakuna programu ya kulifuta. Unahitaji kitu cheupe kinachopitisha mwanga kati ya flashi na mdudu: karatasi nyembamba, au kipande cha chupa nyeupe ya plastiki. Kisogeze karibu naye kadiri utakavyoweza, maana kikikaribia kinakuwa kikubwa machoni pa mdudu, na mwanga mkubwa ndio mwanga laini. Pimia nyumbani kwa mgongo wa kijiko. Ukiona kwenye kijiko duara dogo kali, bado. Ukiona weupe mpana unaofifia kingoni, twende. Kumbuka pia kwamba mwanga wa flashi haufiki mbali, kwa hiyo kilicho nyuma kitatoka cheusi kama usiku. Asiyependa weusi huo hutafuta mdudu aliye mbele ya jani jingine.

Saa ya kutoka ina uzito kuliko lenzi. Joto la mwili wa mdudu hufuata hewa inayomzunguka, na alfajiri yenye baridi humkuta hana nguvu ya kuruka hadi misuli ipate joto. Kereng'ende aliyelowa umande atakuvumilia muda wa kutosha, na matone yaliyojipanga kwenye mabawa yake hutayapata saa sita mchana. Kuna nyuki wanaoishi mmoja mmoja bila mzinga, hasa madume, wanaolala wameuma shina kwa taya, miguu ikining'inia. Ukiwaona jioni, weka alama ya mahali na urudi kabla jua halijapanda. Alfajiri pia upepo huwa umetulia kuliko mchana, ingawa si kila siku.

Ukichelewa, basi ujue tabia za unayemtafuta. Kereng'ende wengi wanaokaa vijitini huruka na kurudi kijiti kile kile, kwa hiyo usimkimbilie: lenga kijiti, subiri. Nyuki kwenye shada refu la maua mara nyingi huanzia chini na kupanda, nawe kaa ua moja mbele yake. Na anayeanza kabisa nampeleka kwa vidukari kwenye vichipukizi laini. Sisimizi huwachunga wakinyonya utomvu mtamu wanaoutoa, na shughuli hiyo haiishi siku nzima, kwa hiyo ukikosea utapata nafasi nyingine mia. Msogelee yeyote polepole, chini ya usawa wake, kivuli kikiwa nyuma yako. Kwenye kiota cha nyigu au mzinga usipumulie ndani, maana pumzi ya mtu huwachochea kujihami.

Wanaodharau mimea wanapoteza. Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa wa Kijerumani aliyefariki 1932, aliitumia miaka mingi kupiga vichipukizi, mashina na vikonyo kwa kamera aliyojitengenezea, mbele ya karatasi tupu, akivikuza hata mara 30. Mmea haukimbii, ila unayumba. Chukua kibano chenye mkono wa waya ukishike shina chini ya fremu, au mwavuli wa kuzuia upepo, ambao unakinga na jua pia. Kama unakusudia kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti, ili kitu chote kitoke kikali, kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker, amua kabla, kwa sababu utahitaji tripodi na kitu kisichosogea. Anza kupiga kabla ya ncha ya mbele na umalizie baada ya ya nyuma. Picha ya ziada utaifuta, iliyokosekana huwezi kuirudia.

Mwili wako nao uuandae. Kiwavi mwenye manyoya usimguse hata akionekana kama pamba, kwani manyoya ya wengine huwasha vikali. Utomvu mweupe wa mimea ya jamii ya euphorbia unaweza kuumiza macho, na wewe jicho lako unaligandisha kwenye kamera uliyoishika kwa vidole hivyo hivyo. Mwenye mzio wa kuumwa na nyuki asiende bila dawa yake wala peke yake. Angalia unapopiga goti.

Kuna wanaomweka mdudu kwenye friji ili atulie. Sikubaliani nao. Alfajiri inafanya kazi hiyo bure, na mdudu anabaki kwenye jani lake. Jani nalo usilivunje kwa sababu limeziba. Lisukume kwa kidole na ulirudishe, kwani huenda ndilo linalomficha asionekane na ndege. Kwenye hifadhi au bustani ya watu, uliza kuhusu ruhusa kabla ya kufungua tripodi.

Mkobani: betri ya akiba, kwa sababu flashi inazila, kadi tupu, kitambaa cha lenzi, maana umande hauchagui, kipande cha godoro cha kupigia magoti. Ondoa mipangilio ya jana kwenye kamera. Nimewahi kupiga asubuhi nzima kwa ISO 6400 iliyobaki kutoka jioni.

Na ile rula. Yangu nimeikata fupi ienee mfukoni, na nikimaliza na mdudu naipiga picha bila kugusa fokasi, ili jioni nikiulizwa alikuwa na urefu gani, nihesabu vistari.