Namna ya kupima na kuinua matuta ya bustani ya mboga

Chuchumaa, kisha nyoosha mkono mbele. Unapofika bila kujivuta, hapo ndipo katikati ya tuta. Kwa watu wengi ni kama sentimita 50, hivyo tuta zima liwe na upana wa mita 1. Ukizidisha, siku ya palizi utalazimika kuingia ndani, na udongo ukishakanyagwa karoti hugawanyika miguu miwili. Njia ziwe sentimita 40. Kama unapitisha toroli, 60.

Penye mteremko, tuta likingame maji. Ukililaza kufuata mteremko, mvua moja ya masika inageuza njia kuwa mfereji. Vitabu vya ughaibuni husisitiza kaskazini-kusini kwa ajili ya jua. Huku kwetu karibu na ikweta mteremko ndio unaoamua.

Kabla ya kushika jembe, finyanga bonge la udongo uliochimbwa chini kidogo, uliachie kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka, lima. Likibaki zima, subiri siku mbili tatu: mfinyanzi ukilimwa mbichi hukauka kama tofali.

Pigilia vigingi, funga kamba. Kunyoosha pembe, pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Mshazari ukitoka 5, pembe iko sawa. Katua ndani ya kamba kina cha sentimita 20 hadi 30 huku ukiokota ndago pamoja na vinundu vyake vya mizizini, maana kikibaki kimoja kitachipua. Halafu chota sentimita 10 za udongo wa juu wa njia, umwage kwenye tuta. Ukijumlisha na udongo uliotifuliwa, tuta linasimama karibu sentimita 20 juu ya njia.

Kwa tuta la mita 10, tandaza debe 2 hadi 3 za samadi iliyooza, uichanganye na sentimita 15 za juu. Samadi ambayo bado ina joto au inanuka itaunguza miche.

Sawazisha kwa reki. Wengi hukosea hapa: wanaacha mgongo wa ng'ombe, maji yanateleza pembeni na mbegu za katikati zinakauka. Juu pawe bapa, kingo zimeinuka vidole viwili.

Mwagilia, uache wiki moja magugu yaote, uyaparue juujuu ndipo upande. Kiangazi, au kwenye mchanga wa pwani, usiinue zaidi ya sentimita 10; pakikauka sana, tengeneza tuta la kuzama, yaani lililo chini kuliko njia.