Kabla hujabeba kamera kwenda Nairobi kikazi

Safari zangu za Nairobi ni za siku mbili. Nashuka Syokimau na treni, nafukuzia karatasi za mizigo ya wateja kutoka ofisi hadi ofisi, kesho yake jioni nimo njiani kurudi Mombasa. Kamera huja nayo, lakini haijawahi kuwa ndiyo iliyonipeleka. Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloamua kabla ya kusafiri si lenzi, ni mahali pa kulala.

Hesabu yenyewe ni hii. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro robo, na jioni huzama vivyo hivyo. Likishatoka hupanda haraka. Kufikia saa mbili u nusu mwanga ni mkali na vivuli vimekaa chini ya macho ya watu. Machweo nayo hayakawii, ukimaliza kufunga mkoba wa kikao giza limeshaingia. Vikao huanza saa tatu. Kilichobaki chako ni muda wa saa moja tu alfajiri, basi. Ukienda kulala Kitengela kwa sababu chumba ni rahisi, saa hiyo utaimalizia ndani ya matatu. Ukilala katikati ya mji, karibu na Kenyatta Avenue, unatoka kwa miguu: Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 na simba wake wa mawe, Msikiti wa Jamia jirani yake, kisha City Market na wauza maua wakipanga ndoo zao. Yote hayo, na unarudi kunywa chai kabla ya kufunga tai.

Tazama pia mwezi. Oktoba mijakaranda huchanua na hata maegesho ya magari hupendeza. Aprili ni mvua. Julai na Agosti mbingu huwa kijivu siku nzima na baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui. Zamani nilikuwa naichukia, siku hizi nafurahi, kwa kuwa mwanga wa mawingu hauwakunjishi watu uso na unaweza kupiga picha hata saa sita. Kwa mvua beba mfuko wa kitambaa kizito. Ile mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, usije ukavunja sheria kwa kufunika kamera.

Vifaa visizidi kile kinachoingia kwenye mkoba mmoja pamoja na kompyuta: kamera ndogo, lenzi moja ya milimita 35 au simu yenyewe, betri ya pili iliyojaa. Droni iache nyumbani, kibali chake hakilingani na safari ya siku mbili.

Palipo na ugumu hasa ni ruhusa. Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi na uwanja wa ndege usivielekezee kamera kabisa. Lakini hata majengo ya ofisi yana walinzi wakali. Niliwahi kusimama nje ya jengo moja nikipiga kivuli cha ngazi tu. Mlinzi akaja taratibu: “Bosi, hapa hakupigwi picha. Futa.” Nikafuta mbele yake, nikaomba radhi, nikaingia kikaoni nimechelewa dakika kumi. Tangu hapo namtumia mwenyeji wangu ujumbe siku moja kabla: je, baada ya kikao naweza kupiga picha mbili dirishani? Mara nyingi hujibu ndiyo, na dirisha la ghorofa ya juu kule Upper Hill huuonyesha mji vizuri kuliko barabara yoyote. Angalia tu kioo kisirudishe sura ya ubao uliojaa bei za watu. KICC, jumba refu la mikutano la mwaka 1973, huuza tiketi ya kupanda juu. Bora uulize mapema.

Watu nao waombwe. Mbali na adabu, kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data. Makanga wa nganya, yaani matatu iliyopambwa, hahitaji kubembelezwa sana: mwambie “niaje” akiwa stejini anasubiri abiria, sifu michoro ya gari lake, atajipanga mwenyewe mlangoni. Ng'ambo ya Moi Avenue, kuelekea River Road, nenda na mwenyeji, na simu usiinyooshe ukingoni mwa barabara. Pikipiki hupita na mkono ukaipokonya.

Mbuga ya Nairobi? Mimi huiacha. Yahitaji gari, malipo ya mapema mtandaoni na asubuhi nzima usiyokuwa nayo. Badala yake, ukirudi stesheni, kama treni haijakukaba, mwambie dereva apite barabara ya chini, siyo Expressway, ile ya juu ya kulipia. Karibu na uwanja wa Nyayo kuna korongo wakubwa wenye vipara juu ya migunga, na foleni itakupa muda wa kuwapiga utakavyo. Kioo usikishushe. Mwombe dereva akipanguse kabla hamjaondoka.