Chora ramani ya intaneti ukianzia sebuleni kwako

Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea bosi wangu ramani niliyoitolea jasho wiki mbili nzima. Nukta, mistari, rangi, hadi kivuli. Akaitazama, kisha akaweka kidole juu ya kampuni mbili za intaneti za hapa Dar: "Hawa mbona hawajaunganishwa?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba data ndivyo inavyosema, bosi. Akacheka. Nyaya za kampuni zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye swichi moja, ndani ya chumba nilichokuwa nimeingia mwenyewe juzi yake kubadilisha feni.

Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia nyumbani, unakwenda duniani, halafu unarudi nyumbani. Intaneti haina kilima cha kuipigia picha. Unachora kile kinachoonekana kutoka ulipo, na watu wengi wanaochora huwa wamesimama Marekani au Ulaya.

Utahitaji kompyuta yenye Linux (wa Windows, WSL, yaani Linux ndani ya Windows, inatosha), RAM ya GB 8 kwenda juu, na Wi-Fi ya kazini ya kupakulia. Bando la wiki usiliguse, maana hatua ya 5 ina faili kubwa.

Hatua ya 1: fuata pakiti yako mwenyewe

    traceroute archive.routeviews.org

Amri hii iliandikwa na Van Jacobson mwishoni mwa miaka ya 1980, na ujanja wake ni mwepisi. Kila pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri, hubeba hesabu ya ruta (vifaa vinavyoielekeza njiani) inazoruhusiwa kupita, na kila ruta hupunguza moja. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumtumia mtumaji taarifa. Traceroute hutuma pakiti yenye hesabu ya 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta inayolalamika inakuwa imejitaja yenyewe.

Usijaribu kwa 8.8.8.8 wala 1.1.1.1. Anwani hizo zina nakala katika miji mingi duniani, kwa hiyo safari yako inaweza kuishia jirani tu, ukadhani umefika Marekani.

Mistari ya kwanza itakuwa ya ruta ya nyumbani, mara nyingi 192.168 na kitu. Ukiona anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hapo ni ndani ya mtoa huduma wako, mahali ambapo wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje. Nyota tatu mfululizo zinamaanisha ruta imekataa kujibu, na si lazima njia iwe imekatika. Watu wanapiga simu huduma kwa wateja kwa sababu ya nyota hizo, bure kabisa.

Sasa tazama milisekunde. Ndani ya kioo cha mkongo mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na traceroute hupima kwenda na kurudi, hivyo kila milisekunde 1 ni kilomita 100 za umbali, kwa kiwango cha juu kabisa. Ruta iliyojibu kwa milisekunde 4 haiwezi kuwa Ulaya, hata jina lake liseme nini. Namba ikiruka kutoka 4 hadi zaidi ya 100 kati ya mstari mmoja na unaofuata, huenda pakiti yako imevuka bahari. Usipunguze namba ya mstari mmoja kutoka ya mwingine ukadai umepata urefu wa mkongo, kwa kuwa jibu linaweza kurudi kwa njia tofauti na ile ya kwenda. Kipimo hiki kinakuambia mahali ruta isipoweza kuwepo. Ilipo hasa, utatafuta kwa njia nyingine.

Majina ya ruta nayo husaidia. Mafundi hupenda kuweka vifupi vya viwanja vya ndege: dar, nbo, mba, fjr ya Fujairah, mrs ya Marseille ambako mikongo mingi inayopita Misri hutua. Ila majina huzeeka. Ruta huhamishwa mji na jina likabaki lilelile, kwa hiyo likipingana na milisekunde, amini milisekunde.

Hatua ya 2: geuza anwani kuwa mitandao

Anwani moja moja hazikupi ramani. Unataka kujua kila anwani ni ya nani.

    whois -h whois.cymru.com " -v ANWANI"

Weka anwani ya IP mahali palipoandikwa ANWANI. Jibu litakuwa na namba ya AS, ambayo ni kitambulisho cha mtandao unaojiamulia wenyewe upitishe wapi trafiki yake: kampuni ya simu, benki, chuo. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Kenya, ni 36914. Google ni 15169. Ukiandika namba hizo kwa mpangilio wa safari yako umeshapata uzi wa kwanza wa ramani, pengine wenye mafundo manne au matano tu.

Hatua ya 3: pakua dunia

Mitandao hutangaziana kwa itifaki ya BGP: "kumfikia fulani, pitia kwangu, halafu kwa huyu, halafu kwa yule." Chuo Kikuu cha Oregon kinakusanya matangazo hayo katika mradi wa Route Views, na RIPE NCC, shirika la Ulaya linalogawa anwani za intaneti, lina mradi wake, RIS. Kundi la CAIDA la San Diego huyachambua na kutoa kila mwezi faili dogo la nani kaungana na nani. Nenda publicdata.caida.org, ufungue datasets, as-relationships, serial-1. Pakua la zamani kuliko yote, 19980101.as-rel.txt.bz2, na la karibuni.

Kila mstari ni namba mbili za AS na alama ya uhusiano. Alama -1 inamaanisha wa kwanza anamuuzia njia wa pili. Alama 0 inamaanisha wanapeana trafiki kama wenzi, kwa kawaida bila kulipana. Mikataba yenyewe ni siri, hivyo alama hizi zinakisiwa kwa hesabu kutokana na mpangilio wa njia. Zichukue hivyo.

Hesabu mitandao:

    bzcat 19980101.as-rel.txt.bz2 | grep -v '^#' | cut -d'|' -f1,2 | tr '|' '\n' | sort -u | wc -l

Utapata elfu tatu na ushei. Rudia kwa faili jipya, uone inavyopita 70,000. Kisha hesabu viungo, kwa kuondoa sehemu ya cut, tr na sort. Hapa ndipo pananoga, na mimi huwa nakawia.

Mwaka 1999 ndugu watatu Wagiriki, Michalis, Petros na Christos Faloutsos, walichapisha hesabu zao za mtandao wa wakati huo. Novemba 1997 walikuta mitandao 3,015 na viungo 5,156. Desemba 1998 mitandao ilikuwa 4,389 na viungo 8,256. Piga hesabu: mitandao iliongezeka kwa asilimia 46 hivi, viungo kwa asilimia 60. Mgeni alikuja na uzi wake, na wenyeji nao wakazidi kufungana wao kwa wao. Pima kama mwendo huo umeendelea hadi faili lako jipya, kwa kugawanya viungo kwa mitandao katika kila mwaka.

Waliona pia kwamba viungo havigawanyiki sawa. Mitandao mingi ina kiungo kimoja au viwili, na michache mno ina mamia hata maelfu. Ukiona mchoro wa intaneti ambao nukta zake zinalingana kama punje za mahindi kwenye gunzi, jua mchoraji hakutumia data.

Hatua ya 4: chora, lakini si vyote

Mara ya kwanza nilimwaga viungo vyote kwenye Gephi, programu ya kuchorea mitandao. Kompyuta ikaunguruma kama mashine ya kusaga, na baada ya saa moja nikapata picha ya tambi zilizomwagika. Anza na mtaa mmoja, kwa Python na maktaba yake ya networkx:

    import networkx as nx
    G = nx.Graph()
    for m in open("as-rel.txt"):
        if m.startswith("#"):
            continue
        a, b, aina = m.strip().split("|")[:3]
        G.add_edge(a, b, aina=int(aina))
    mtaa = nx.ego_graph(G, "36914", radius=1)
    nx.write_gexf(mtaa, "mtaa.gexf")

Faili as-rel.txt ni lile ulilopakua, baada ya kulifungua kwa bunzip2 na kulibadilisha jina. Weka namba ya mtandao wako badala ya 36914. Fungua mtaa.gexf ndani ya Gephi, chagua mpangilio wa ForceAtlas2, viungo vya malipo rangi moja na vya wenzi rangi nyingine. Ukitaka kiini cha dunia, tumia nx.k_core(G, 50), upandishe namba hadi picha isomeke.

Usizibandike nukta hizi juu ya ramani ya nchi. Mtandao mmoja unaweza kuwa na ruta Mombasa, London na Fujairah kwa pamoja. Mahali wanapokutania utapapata PeeringDB, orodha ya mtandaoni ambako mitandao hujiorodhesha yenyewe.

Hatua ya 5: rudi nyumbani ukasahihishe

Sasa lile kosa langu. Tangazo la mwenzi hupelekwa kwa wateja wako, halipandi kwa anayekuuzia njia wala kwa wenzi wengine. Kwa hiyo kampuni mbili zinazokutana kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, kama TIX hapa Dar au KIXP Nairobi, kiungo chao hakionekani ukiwa umesimama Oregon. Ukanda wetu ndio unaoumia, kwa sababu macho ya wakusanyaji kama Route Views huku ni machache.

Na viungo hivyo si vidogo. Kabla ya KIXP, barua pepe kati ya kampuni mbili za Nairobi ilipanda setilaiti, ikazunguka nje ya nchi na kurudi. Kituo kilifunguliwa mwaka 2000, mdhibiti akakifunga punde, kikafunguliwa tena 2002.

Bahati nzuri Route Views wana mkusanyaji ndani ya KIXP. Nenda archive.routeviews.org/route-views.kixp/bgpdata, chagua mwezi, kisha RIBS. Sakinisha bgpdump, programu ya kusoma mafaili hayo, halafu:

    bgpdump -m rib.20240512.0000.bz2 | cut -d'|' -f7 | grep -v '{' | awk '{for(i=1;i<NF;i++) if($i!=$(i+1)) print $i,$(i+1)}' | sort -u > viungo.txt

Viongeze kwenye G ya hatua ya 4, uchore mtaa wako upya. Mistari iliyojitokeza sasa ndiyo bosi wangu aliyokuwa akiiulizia.

Tarehe hiyo sikuichagua ovyo. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kobe. Pakua faili la usiku wa manane wa siku hiyo na la kesho yake, toa viungo vya kila moja, ulinganishe kwa amri ya diff. Usitegemee kuona ramani imepasuka. BGP hutangaza kwamba njia ipo, haitangazi upana wake, na mtandao uliobakiwa na njia nyembamba huchorwa kwa mstari uleule wa jana. Kwa dalili za msongamano, rudia hatua ya 1 kila saa kwa siku nzima, uhifadhi milisekunde, na uzipange chini ya mchoro wako.