Somo: Namna ya kuwavusha wanafunzi mpaka wa Tanzania na Rwanda pale Rusumo wakaonane na marafiki zao wa kalamu

Ndugu walimu, tangu turudi kutoka Kigali naulizwa mambo yaleyale kila wiki, kwa hiyo nimeona heri niyaandike mara moja kwa utaratibu. Ninaeleza safari ninayoijua: wanafunzi 24 kutoka mkoani Shinyanga, waliokwenda kuonana na wenzao wa Rwanda baada ya kuandikiana barua kwa Kiswahili kwa mwaka mzima.

Hatua ya 1. Pangeni tarehe pamoja na shule mwenyeji. Mwaka wao wa masomo huanza Septemba na wetu Januari, hivyo mwanzoni mwa Juni, sisi tukiwa likizo, wao huwa wangali darasani. Msipange sherehe katika wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, ambayo ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Hatua ya 2. Ombeni kibali cha maandishi mapema kupitia Afisa Elimu.

Hatua ya 3. Hati za safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza kuingia Rwanda, lakini kila mtoto awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi. Hapa ndipo nilipokosea. Nilihakiki idadi ya karatasi bila kulinganisha majina. Binti mmoja aliandikishwa shuleni kwa jina la babu yake, kama ilivyo kwa watoto wetu wengi, ilhali cheti na hati yake vilikuwa na jina la baba. Nami barua za ridhaa nilizichapa kwa kufuata daftari la mahudhurio. Rusumo ni kituo cha pamoja, kwa hiyo ukitoka Tanzania unavuka kwanza daraja la mto Kagera, kisha unawakuta maafisa wa nchi zote mbili upande wa Rwanda. Afisa aliziweka karatasi mbili sambamba, akagusa jina la mwisho kwa kidole, akaniuliza mzazi amemruhusu mtoto yupi. Sikuwa na jibu, na sikumlaumu, kwa maana kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayevushwa na mtu asiyehusika naye. Binti yule akarudi ng'ambo ya daraja na mwalimu wa kike, ameshika bahasha ya kaki yenye barua 11 za rafiki yake, kila moja ameipa namba kwa wino mwekundu. Jioni, rafiki yake alisimama mlangoni mwa basi akiwatazama wanaoshuka mmoja mmoja, hadi dereva alipozima taa.

Kwa hiyo nawasihi: orodha ya safari iandikwe kutoka kwenye vyeti vya kuzaliwa, kamwe isitoke kwenye daftari la shule. Barua ya ridhaa inakili jina la kwenye cheti herufi kwa herufi. Majina yakitofautiana, mzazi aende kwa wakili akapate hati ya kiapo, angalau miezi miwili kabla ya safari. Wala msisahihishe jina kwa kalamu mkiwa njiani, kwani karatasi iliyofutwa-futwa huharibu hata zile zilizo safi. Mwisho, walimu wawili wasome majina kwa sauti, mmoja akishika cheti na mwingine akishika hati.

Hatua ya 4. Basi liwe na bima ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa hata ng'ambo ya mpaka, na dereva awe amewahi kuendesha Rwanda, kwa sababu kule magari hupita upande wa kulia.

Hatua ya 5. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, ikiwemo ile ya kufungia viatu. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008.

Hatua ya 6. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Waambieni wenyeji mnatumia saa ya nchi gani.

Hatua ya 7. Wafundisheni watoto wasiulize "wewe kabila gani?" Kwetu swali hilo hufungua utani, kule hugusa jeraha la familia nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwani watoto nao wanahitaji hati?
Jibu: Tafadhali soma hatua ya 3.

Swali: Si ungezungumza tu na maafisa vizuri wakamruhusu?
Jibu: Nilizungumza nao kwa heshima. Sikutafuta njia ya pembeni, wala sitamshauri mwalimu yeyote aitafute akiwa na watoto wa watu.

Swali: Wanafunzi wangu huandika barua ndefu, lakini nahofia kwamba wakikutana watanyamaza. Ninyi mlifanyaje?
Jibu: Nashukuru kwa swali hili. Saa ya kwanza walinyamaza kweli. Tuliwaketisha wawili wawili, kila mmoja akaisoma kwa sauti barua ya kwanza aliyopokea, mbele ya yule aliyeiandika. Wale wa Rwanda, ambao Kiswahili wanakisoma vitabuni, walianza kutuuliza kwa nini tuliandika "mambo" tukimaanisha salamu, na mazungumzo yakashika kasi. Kiswahili ni lugha rasmi kwao tangu mwaka 2017, nao wana hamu ya kukisikia kwa wenye kukizungumza nyumbani. Andaeni pia kazi ya mikono. Sisi tulimenya viazi pamoja.

Swali: Zawadi gani inafaa?
Jibu: Kitu chepesi kisicho chakula, ili msipate maswali ya ukaguzi mpakani. Kanga zilipendwa sana, na kila msichana alitaka kuelezwa jina la kanga yake.

Swali: Watoto wakitapika njiani?
Jibu: Bebeni ndoo ndogo yenye mfuniko, na wasinywe maziwa asubuhi. Sisi tulisimama Nyakanazi na Benako.

Swali: Yule binti alionana na rafiki yake hatimaye?
Jibu: Bado. Hati ya kiapo imepatikana, na barua ya 12 imefika.