Kulinganisha Kadi ya Grafiki ya Zamani na Mpya: Utaratibu Ninaoufuata

Wengi wanaoniletea kompyuta za mezani ili niwabadilishie kadi ya grafiki huwa wameshaamua kwa kutazama mambo mawili tu, yaani jina la kadi na idadi ya gigabaiti zake. Kwa mfano nitatumia GeForce GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, ambayo leo hupatikana ikiwa mtumba, na GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023, zote za kampuni ya NVIDIA.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kadi ya mtumba ni ile inayotajwa. Ichomeke, washa kompyuta, kisha fungua programu ya bure ya GPU-Z. Zipo kadi duni ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina lisilo lake, na GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika neno FAKE kwenye jina. Muuzaji akikataa kadi ijaribiwe, usinunue.

Hatua ya pili ni kusoma vipimo vyote kwa pamoja. GTX 1080 Ti ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 3584, kumbukumbu ya GB 11 na njia ya kumbukumbu ya biti 352 inayopitisha GB 484 kwa sekunde. RTX 4060 ina viini 3072, GB 8 na njia ya biti 128 inayopitisha GB 272 kwa sekunde. Ukiishia hapo utaipa ushindi kadi ya zamani, nawe utakuwa umekosea, kwa sababu viini vya vizazi tofauti havilinganishwi kwa kuhesabiwa: vya RTX 4060 vina kasi rasmi ya juu ya megahezi 2460 dhidi ya 1582, tena vinahudumiwa na akiba ya ndani ya MB 24, ilhali mwenzake ana chini ya MB 3, hivyo haviendi mara kwa mara kuchota data kwenye kumbukumbu ya nje.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni kuangalia ubao mama utakaoipokea kadi. RTX 4060 hutumia njia 8 tu za PCIe, yaani kiunganishi ambacho kadi na ubao mama hupitishiana data. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 hupata takriban GB 16 kwa sekunde kila upande, lakini kwenye ubao wa PCIe 3.0 hubaki na takriban GB 8, nusu ya kile ambacho GTX 1080 Ti, yenye njia 16, hupata kwenye ubao huohuo. Upungufu huo hauonekani mpaka gemu au kazi ijaze zile GB 8 na data ianze kufurikia kwenye RAM ya kompyuta. Hapo picha hukwamakwama hata kama wastani wa fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, unapendeza. Kwa mwenye ubao wa zamani na kazi nzito, hili nalipa uzito kuliko jambo lolote jingine.

Hatua ya nne ni umeme. GTX 1080 Ti imepangiwa wati 250, RTX 4060 wati 115. Ukifanya kazi nzito saa 4 kila siku, tofauti hiyo ya wati 135 hufikia takriban uniti 197 za umeme kwa mwaka.

Hatua ya tano ni kupima uwezo usioonekana kwenye namba. GTX 1080 Ti haina viini vya kufuatilia miale ya mwanga, haiwezi DLSS (mbinu ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa msaada wa akili bandia), na haisimbui video za AV1, muundo mpya wa kubana video. Vilevile, NVIDIA ilitangaza kwamba kizazi chake cha Pascal, ambacho GTX 1080 Ti imo, kitaacha kupokea draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za gemu baada ya Oktoba 2025, kikibakiwa na masasisho ya usalama pekee.

Mwishowe, jaribu kadi zote mbili kwa kazi yako halisi, kwenye kompyuta ileile na kwa mipangilio ileile. Anza kuandika matokeo baada ya dakika 15, kadi ikiwa imeshapata joto, na pamoja na wastani wa fremu kwa sekunde, andika pia kiwango cha ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote.